Kadi imepinda, mkunjo umepasuka, wino umechafua: tafuta chanzo kabla ya kutupa kazi

Anayetengeneza kadi kwa mkono Dar es Salaam ana mgomvi mmoja kuliko wote, naye ni maji. Yamo hewani, yamo kwenye gundi, yamo kwenye wino, yamo hata kwenye kiganja kinachotoka jasho saa nane mchana umeme ukiwa umekatika. Kadi ikiharibika tunakimbilia kusema gundi ni feki. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi gundi haina kosa: karatasi ilikuwa imeshanyonya unyevu kabla haijaguswa, au imekunjwa kinyume na nyuzi zake.

Kwa hiyo kabla hujaenda kununua gundi nyingine, jiulize tatizo limejitokeza lini. Limeonekana papo hapo mezani? Angalia karatasi, kisu na mkono. Limeonekana kesho yake asubuhi? Hapo kuna maji yaliyoingia au yaliyotoka. Limeonekana kwa mteja baada ya wiki kadhaa? Basi ni aina ya gundi au wino uliochagua, na kadi ile imeshakwenda na maji, okoa zinazofuata.

Kadi imejikunja au imefanya mawimbi

Lalamiko hili huongoza kuanzia Machi hadi Mei masika yakikolea, na hurudi vuli ya Oktoba hadi Desemba, yaani wakati uleule ambao oda za Krismasi na mahafali zinamiminika.

Karatasi ni nyuzi za miti zilizolala pamoja. Unyevu ukiingia, kila uzi hunenepa sana ubavuni lakini hurefuka kidogo mno. Upande mmoja wa karatasi ukinywa kuliko wa pili, haina budi kupinda. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo ya kadi utayaeleza mwenyewe.

Kama karatasi imepinda kabla hujaipaka chochote, kosa liko kwenye hifadhi. Rimu likifunguliwa na kuachwa juu ya kabati, kingo hunyonya hewa ya chumba kabla ya katikati, ndiyo maana utaona mawimbi pembeni huku kati pametulia. Ganda la rimu limetengenezwa kuzuia unyevu, usilirarue lote: fungua upande mmoja, toa unazohitaji, kunja, ziba kwa tepu. Manila za rangi zinazouzwa zikiwa zimeviringishwa na kufungwa raba, zifungue siku hiyohiyo ulizonunua uzilaze chini ya godoro. Baada ya hapo ziingie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko. Ukuta wa nje wa nyumba hutoa unyevu wakati wa mvua, hivyo boksi lisiuguse.

Kuna wanaonunua karatasi kwenye duka lenye kiyoyozi na kuanza kazi mara wafikapo nyumbani. Hewa ya dukani ilikuwa kavu, ya sebuleni ni ya pwani. Karatasi itaendelea kunyonya huku wewe unapima na kukata, na vipimo vya saa nne asubuhi havitalingana na vya jioni. Iache ilale usiku mmoja kwenye chumba utakachofanyia kazi.

Kama imepinda baada ya kubandika, tazama imeelekea wapi. Karatasi uliyoipaka gundi ya maji hupanuka ikiwa mbichi, hushika ikiwa imepanuka hivyohivyo, kisha hukauka na kusinyaa huku ikivuta kadi nzima kuelekea kwake. Kadi iliyobandikwa karatasi ya maua upande wa mbele itapindia mbele. Dawa ya kudumu ni kuipa mvuto upande wa pili: bandika karatasi nyeupe ndani, nyuma ya ile ya maua, kwa gundi ileile na nyuzi zikiwa zimeelekea sawa. Wajalidi wa vitabu wanafanya hivyo kwenye majalada yao. Faida yake nyingine ni kwamba unapata mahali pasafi pa kuandikia salamu.

Dawa ya haraka ni kupunguza maji yenyewe. Gundi nyeupe ipakwe kwa kadi chakavu iliyokatwa, ikivutwa hadi ubaki utando mwembamba. Usiikamue moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Wapo wanaoiongezea maji ili ifike mwisho wa mwezi. Hao wanajinunulia mawimbi. Kwa eneo kubwa, tepu ya gundi pande mbili ni bora kuliko gundi yoyote ya chupa, kwa sababu haina maji kabisa.

Kisha kuna feni. Mtu anabandika, anaweka kadi chini ya feni ili zikauke upesi, na baada ya robo saa zote zimejikunja. Feni hukausha uso wa juu tu, wa chini ukiwa bado mbichi. Kausha kwa uzito: kadi katikati ya karatasi mbili nyeupe kavu, juu yake ubao, juu ya ubao tofali au kamusi. Baada ya nusu saa badilisha zile karatasi mbili, maana zimeshanywa, halafu acha hadi asubuhi.

Iliyokwisha kupinda inaweza kunyooshwa kwa pasi ya joto dogo, bila mvuke, ukitanguliza karatasi safi juu yake. Usijaribu kwenye kadi iliyochapishwa kwa printa ya leza wala yenye glita. Wino wa leza ni unga wa plastiki ulioyeyushwa. Pasi itauyeyusha tena na utahamia kwenye karatasi ya juu.

Mkunjo umepasuka au umefanya manyoya

Hapa sababu ni mbili, na zinatofautishwa kwa macho. Ukiona nyuzi za karatasi zimechanika na kusimama kwenye mgongo wa kadi, umekunja kinyume na nyuzi. Ukiona karatasi ni nzima ila rangi imevunjika ukabaki mstari mweupe, ni wino wa leza uliokatika.

Nyuzi kwanza. Mashine ya kutengeneza karatasi huzilaza nyingi zikielekea upande mmoja. Kukunja sambamba nazo ni rahisi, kuzikata kwa mkunjo ni kuzivunja. Kujua zimeelekea wapi, shika karatasi kwa viganja viwili, ikunje taratibu bila kuiminya kana kwamba unataka kingo zikutane, kisha igeuze robo na urudie. Upande mmoja utakubali, wa pili utakusukuma. Ule uliokubali ndio wa kukunjia. Kama karatasi ni nyembamba mno na mkono hauoni tofauti, kata kipande kidogo cha mraba, ukiweke alama ya kuonyesha kilivyokuwa kimekaa kwenye karatasi, kisha ukilowanishe upande mmoja. Kitajiviringisha kuwa bomba, na nyuzi zimelala kwa urefu wa bomba hilo.

Tatizo la manila kubwa ni kwamba tunakata kwa kubana matumizi: kadi tatu hivi, mbili vile, ili kisibaki kipande. Matokeo yake katika oda moja ya kicheni pati baadhi ya kadi zinakunjika vizuri na nyingine zinapasuka, na fundi anadhani mkono wake umechoka. Kata zote zikielekea upande mmoja. Vipande vitakavyobaki vitakuwa maua.

Karatasi ya zaidi ya gramu 200 kwa mita ya mraba haikunjwi hivihivi hata ukifuata nyuzi. Lazima utangulize mfereji. Peni ya Bic iliyoisha wino ni kifaa kizuri kuliko vingi vya kununua. Weka kadi juu ya daftari, rula juu yake, pitisha ncha ya peni mara mbili kwa nguvu ya wastani. Nyuma ya mfereji kutatokea tuta dogo. Sasa kunja ili tuta libaki ndani ya kadi na mfereji ubaki nje. Wengi hukunja kinyume, kwa kufuata mfereji, kwa sababu ndivyo macho yanavyoshawishi. Lile tuta likiwa nje linavutwa hadi linapasuka.

Je, karatasi uliyouziwa ni gramu 250 kweli? Muuzaji naye hutaja alichoambiwa. Karatasi 16 za A4 zinafanya karibu mita moja ya mraba, na gramu zinazotajwa ni uzito wa mita hiyo. Basi pima karatasi 10 za A4 kwenye mizani ya jikoni: za gramu 250 zitafika takriban gramu 156, za gramu 200 zitafika 125, na za fotokopi za gramu 80 ni 50 tu. Kadi ya mchango haihitaji hesabu hii, mpokeaji wake anatazama kiasi na tarehe ya mwisho. Kadi ya pongezi itakayosimama juu ya kabati la vyombo mwaka mzima inaihitaji.

Rangi iliyokatika ni mambo mengine. Unga ule wa plastiki umelala juu ya karatasi, haukuingia ndani, na plastiki kavu ikikunjwa huvunjika. Mfereji mzuri hupunguza, hauondoi. Njia ya uhakika ni kuacha ukanda mweupe wa milimita tano kila upande wa mkunjo pale unapopanga picha, au kutumia manila yenye rangi tangu ndani, ambayo hata ikikwaruzika hubaki ileile.

Gundi imetoa doa, imeachia au imegeuka rangi

Ukungu mweupe kuzunguka kitu ulichobandika: hiyo ni supa glu. Hukauka kwa kukutana na unyevu, na mvuke wake ukikutana na hewa nzito ya pwani hutua pembeni na kuganda ukiwa mweupe. Kwenye manila nyeusi au bluu ya usiku doa hilo halifutiki. Tumia tone dogo kuliko unavyodhani inatosha, mahali hewa inapotembea, au uiache supa glu kwa vitu vigumu kama shanga na vifungo.

Na usiimwage kwenye kitenge. Ikikutana na pamba huchemka kwa kasi na kutoa joto linaloweza kuunguza vidole.

Kadi za vipande vya kitenge zinapendwa sana, na vipande mafundi cherehani huvigawa bure ukiwaomba vizuri, kwa hiyo zinastahili kuelezwa kidogo. Dalili ya kwanza ni gundi kujitokeza usoni mwa kitambaa ikiwa doa jeusi, ikikauka linang'aa. Chanzo ni kupaka gundi kwenye kitambaa. Paka kwenye karatasi, subiri dakika moja au mbili hadi ianze kunata, ndipo ulaze kitenge na kukipapasa bila kukisugua. Dalili ya pili ni kingo kufumuka nyuzi. Kabla ya kukata umbo, bandika kwa pasi nyuma ya kitenge kile kitambaa kigumu chenye gundi ambacho mafundi huweka ndani ya kola. Baada ya hapo mkasi utakata pembe kali hata za nyota, na gundi nayo haipenyi tena. Dalili ya tatu ni kitenge kuvimba katikati baada ya siku chache. Hicho kilikuwa kipya, na wanga uliomo haukufuliwa kwanza kabla ya kupigwa pasi.

Maganda makavu ya mgomba, yale wanayopenda watalii, yana ugonjwa mmoja tu wa kuogopa: vidoadoa vya kuvu. Ganda likibandikwa likiwa na unyevu kidogo, kadi ikaingia kwenye mfuko wa plastiki angavu siku hiyohiyo, umeifugia kuvu nyumba. Lipige pasi kati ya karatasi mbili mpaka likome kutoa mvuke, na kadi ikae nje siku mbili kabla ya kufungwa.

Gundi ya uji wa ngano, tuliyoijua shuleni, ni rahisi na ina nguvu, ila ni chakula. Mende wataitafuta usiku, na masika itaota ukungu. Kwa kadi ya kuuza, achana nayo. Selotepu ya kawaida nayo huonekana safi leo, halafu hugeuka njano na kuacha mafuta kwenye karatasi. Ikitumika, ifichwe ndani. Gundi ya moto huachia kwenye manila laini inayong'aa kwa kuwa haipati mahali pa kung'ang'ania: kwaruza kidogo kwa msasa mahali pa kubandikia. Kadi zenye gundi hiyo zisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani, na mwendesha bodaboda ambaye anazunguka na mizigo mingine kwanza aambiwe mapema.

Wino unachafua, unabanduka au umetoa duara la mafuta

Ukisugua maandishi kwa kidole yakabanduka vumbi, yalichapwa kwa leza kwenye karatasi nene bila mashine kuambiwa kwamba ni nene. Unga unahitaji joto na muda ili ushike, na karatasi nene humeza joto hilo. Mwambie kijana wa steshenari abadilishe mpangilio wa aina ya karatasi uwe ya nene kabla hajachapa, na usikubali kuchapiwa zote hadi umesugua ya kwanza.

Yakilowa na kusambaa, ni printa ya wino wa maji. Karatasi inayong'aa ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya wino huo haiunywi. Unabaki juu ukisubiri kidole. Peni za jeli zina tabia hiyohiyo. Andika salamu kwenye karatasi isiyong'aa kisha uibandike ndani, na weka karatasi chakavu chini ya kiganja unapoandika.

Duara la njano kuzunguka mchoro linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu mitindo ya Tingatinga kwenye kadi inauzika. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora kwenye bodi ngumu kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, na wengi bado wanaipenda kwa mng'ao wake. Bodi haina shida. Karatasi tupu hunyonya mafuta ya rangi, nayo husambaa taratibu na kuacha duara ambalo utaliona baada ya siku kadhaa, mara nyingi likiwa limeshafika upande wa pili. Ziba karatasi kwanza kwa mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani, iliyozimuliwa kidogo, kila mkono ukiachwa ukauke. Kadi itapinda kwa sababu ya maji hayo, kwa hiyo paka nyuma pia. Asiyetaka kazi hiyo atumie rangi za akriliki na kukubali mng'ao mdogo.

Kingo zimechanika, pembe hazikutani

Kisu butu hakikati, kinasukuma. Kile kisu cha wembe wa vipande, vunja kipande chake cha ncha kabla ya kila oda kubwa, hakuna sababu ya kukitunza kama urithi. Usibonyeze ukate mara moja: pitisha mara tatu nyepesi, rula ikiwa ya chuma. Wembe mtupu hujipinda na kutoa ukingo wa mshazari. Kukatia juu ya kioo kunaua makali, na kukatia juu ya gazeti kunafanya ncha ifuate mikunjo ya gazeti. Boksi gumu lililo tambarare linatosha.

Kadi ikikunjwa na pembe zisikutane, pima mishazari miwili ya karatasi kabla ya kukunja. Ikilingana, pembe za karatasi ziko sawasawa na kosa ni la mkunjo. Isipolingana, umekata upande. Karatasi ya ndani ikichungulia nje, ikate baada ya kukunja, si kabla.

Panchi ya maua inayong'ata badala ya kukata, ipigishe msasa laini mara kadhaa, kisha karatasi iliyosuguliwa mshumaa. Utepe unaofumuka ncha, upitishe karibu na moto wa kiberiti kama ni wa nailoni au poliesta. Wa pamba utawaka. Glita inayodondoka ilimwagwa gundi ikiwa imeshaanza kukauka.

Kadi haisimami, au bahasha haiingii

Kadi inayofunguka na kulala kifudifudi ina uzito mwingi mbele na juu. Shusha mapambo, au kata sehemu ya nyuma iwe na upana zaidi kwa nusu sentimita. Ya wima ikilegea kiunoni, nyuzi zake zimelala. Zilipaswa kusimama pamoja na mkunjo.

Bahasha ya C6 ni milimita 114 kwa 162, na kadi ya A6 ni 105 kwa 148, kwa hiyo kadi bapa inaingia bila taabu. Ukishainua ua kwa vipande vya sponji au vya kandambili ya zamani (vinafaa sana, vikatwe vidogo vyenye unene sawa), unene unakula nafasi pande zote. Tengeneza yako. Kata A4 iwe mraba wa sentimita 21, laza kadi ya A6 katikati ikiwa imeelekea pembe, si pande. Acha milimita mbili pamoja na unene wa mapambo kila upande wa kadi, kunja pembe za kushoto na kulia, kisha ya chini juu yake. Zile mbili za pembeni hazitagusana katikati, na hilo si kosa, ya chini itafunika pengo. Gundi iwe kwenye ukingo wa mfuniko wa chini tu.

Na zile za dukani zenye gundi ya kulowanisha, masika hujifunga zenyewe zikiwa bado kwenye boksi. Siku ya kuzinunua, chomeka kipande cha karatasi chini ya kila mfuniko. Zilizokwisha kujifunga usizivute: pitisha rula nyembamba ya chuma taratibu kutoka pembeni kwenda katikati, na zikikataa, zitumie kama karatasi ya kujaribia gundi.